Fungu la Nyama Lililonifuata Iringa

Mwaka ule Warusi waliporusha mwezi wao wa bandia, mimi na mwenzangu tulikuwa tumetoka kumaliza chuo kule Kampala na kupangiwa kazi ya ualimu. Yeye alipelekwa Mbeya, mimi nikapelekwa Iringa. Nilianza kumwonea wivu siku ile ile, kabla hata sijajua kwa nini. Sababu niliipata baadaye, na tangu hapo sijawahi kupungukiwa sababu.

Tulizaliwa mteremko mmoja, chini ya Mlima Rungwe. Wazee wetu walikuwa bado wanafuata desturi ya Wanyakyusa ya kuwaacha wavulana wa rika moja wajenge vibanda vyao kando ya kijiji, walale huko, na waende kula pamoja kwa mama zao, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kwa hiyo nimekula ndizi na maziwa ya mgando kwa mama yake kama alivyokula yeye kwa mama yangu. Tulisoma shule moja ya misheni, tukafaulu pamoja, tukapanda meli moja kuvuka Ziwa Viktoria. Muda wote huo alinipita kwa kitu kimoja tu: hakuhangaika. Mimi nikipewa swali la hesabu nililifanya kwa njia tatu, kisha nikaanza kujiuliza kama mwalimu hakutaka ya nne. Yeye aliandika jibu akaenda kucheza mpira.

Habari za nafasi ya masomo zilitoka kwa mwalimu wetu wa fizikia kule Kampala, Mwingereza mrefu aliyezoea kuinama mlangoni hata penye mlango mrefu. Alituandikia sote wawili. Mataifa yalikuwa yamekubaliana kuchunguza jua na anga kwa pamoja, na mwezi wa Warusi ulikuwa umewashtua wakubwa, hivyo fedha zilikuwa zimepatikana za kuwasomesha vijana elimu ya anga huko Uingereza. Kwa Tanganyika nafasi ilikuwa moja. Nauli, ada, chakula na hata koti la baridi, vyote vingelipwa. Aliyeitaka alipaswa kufanya uchunguzi wake mwenyewe, mahali anapoishi, juu ya jambo lolote la angani, na kuupeleka kabla ya masika.

Mahali anapoishi. Niliyasoma maneno hayo nikaelewa kwa nini wivu wangu ulikuwa umewahi. Mbozi, si mbali na mji wa Mbeya, kuna kimondo: pande la chuma lililoanguka kutoka mbinguni zamani ambazo hakuna babu anayezikumbuka, refu kuliko mtu, limelala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba. Mwenzangu alipewa kazi karibu nalo bila kuomba. Iringa kuna mawe mengi mazuri, tena makubwa, watu hupanda juu yake wakatazama mji wote. Lakini yote ni ya hapa hapa duniani.

Nikachagua kuhesabu vimondo vidogo, vile vinavyochora mstari wa mwanga angani na kupotea. Niliamka kabla ya alfajiri, nikapanda kilima nyuma ya shule nikiwa nimejifunga blanketi, nikachora kila mstari nilioona. Asubuhi nyingi sikuona hata mmoja, kwa sababu ukungu wa Iringa hauna haraka ya kuondoka. Mwalimu mwenzangu, Mhehe tuliyekaa naye nyumba moja, alikuwa akinikuta mlangoni nikirudi na miguu iliyolowa umande.

"Umeviona vingapi leo, bwana Mnyakyusa?"

"Ukungu."

"Kwa hiyo umehesabu ukungu."

"Nimehesabu nilichokiona."

"Andika basi hivyo hivyo. Huko Ulaya hawaujui ukungu wetu, watakupa shahada."

Likizo ya Krismasi nilikwenda nyumbani, nikapita Mbeya. Mwenzangu akanichukua hadi Mbozi kwa lori lililokuwa likienda kubeba kahawa. Njia nzima alikuwa akiimba na wapakizi. Tulipofika akalipiga lile jiwe makofi mawili matatu, kama mtu anayemsalimu mnyama wake.

"Karibu nyumbani kwangu," akasema.

Akanionyesha kazi yake. Alikuwa na dira moja ya kuazima. Alizunguka nayo jiwe lote, hatua kwa hatua, akiandika sindano inapotea kiasi gani kutoka kaskazini, kisha akachora ramani ya jinsi chuma kile kinavyoivuta. Hakuna zaidi. Mimi nilikuwa nimejaza karatasi za hesabu kiasi cha kufunikia meza, na yeye alikuwa na dira na penseli iliyotafunwa. Akanipa niishike. Nilisogea karibu na jiwe nikitumaini sindano itagoma. Ikageuka taratibu, kwa adabu, kama ilivyogeuka kwake.

"Wewe una hesabu, mimi nina jiwe," akaniambia. "Tufanye moja. Tuweke majina mawili."

"Nafasi ni moja."

"Basi tutakwenda kwa zamu, kama tulivyokuwa tukila."

Alikuwa anacheka. Nililitazama lile cheko nikaanza kulipima. Labda alinihurumia kwa ukungu wangu, na sikutaka kuhurumiwa. Au alikuwa amekwama kwenye hesabu na alitaka kunitumia. Lakini pia inawezekana alikuwa na maana ya alichokisema, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa kuwa mimi katika nafasi yake nisingesema hivyo. Nikamwambia nitafikiri. Akasema sawa, akaingiza dira mfukoni. Hakuuliza tena, nami sikufikiri tena, yaani nilifikiri kila siku lakini sikumjibu.

Baada ya masika yule Mwingereza alipita Iringa kwa gari akielekea kusini. Alisimama shuleni kwetu, akanywa chai, akaniambia matokeo uso kwa uso, jambo ambalo nalishukuru hata kama siku ile sikushukuru. Mwenzangu amepata.

"Kazi yako ni safi kuliko yake," aliniambia. "Lakini umeandika zaidi juu ya makosa yanayoweza kuwapo kuliko juu ya ulichokiona. Yeye ameona kitu kimoja akakisema." Kisha, akiinama kutoka mlangoni, "Wewe ni wa pili. Likimzuia jambo lolote kabla ya Septemba, utakwenda wewe."

Jambo lolote. Maneno mawili hayo yalikaa nami kama wageni wasioaga. Nilikuwa nikifundisha darasani, nikageuka ubaoni, nikayakuta. Sikumtakia mwenzangu baya, nataka hilo lieleweke. Nilikuwa tu natafuta, katika mambo yote yanayoweza kumzuia mtu, ni lipi lisilomuumiza. Labda mama yake akatae. Labda apate mchumba. Nilimtafutia wachumba kichwani, wasichana wazuri wa misheni, nikamwoza.

Mwezi wa Juni akachinja dume la ng'ombe. Kwetu mtu aliyepata bahati hali peke yake. Huwaita wa rika lake, wakala na kunywa pamoja, hapo ndipo bahati inakuwa yake kweli. Alinipelekea salamu kwa dereva wa lori niende. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, na huo ni ukweli, ilijaa kitandani. Lakini nilifurahi kuwa nayo. Sikwenda.

Hapo nilifanya kosa ambalo Mhehe niliyekaa naye hakuliona kuwa kosa, na ambalo mtoto yeyote wa Rungwe angeliona. Wazee wetu husema kuna pumzi ya watu. Si uchawi. Watu walio karibu nawe wakinung'unika juu yako, hata kwa sauti ya chini, hata moyoni, manung'uniko yale hukufikia kama baridi na kukulaza. Aliyekula kwako amekuachilia. Asiyekula amebaki na lake. Nilikuwa na shahada ya fizikia na nilijua baridi husafiri vipi. Lakini pia nilijua kwamba siku ile, kwenye karamu ile, kila mtu alihesabu nani hayupo.

Julai Mhehe wangu alirudi kutoka sokoni akaweka kapu chini.

"Yule rafiki yako wa jiwe anaumwa," akasema. "Dereva wa Tukuyu kaniambia. Anatetemeka, hali chakula. Wamemtoa mjini wamempeleka kwa mama yake."

Nikauliza tangu lini. Akanitazama.

"Hukuuliza anaumwa nini."

"Nilikuwa nataka kuuliza."

Sikwenda kumwona. Nikienda mapema watasema nimekuja kuchungulia nafasi yangu. Nikichelewa watasema nilingoja. Nikipeleka barua, barua itasomwa mbele ya watu, na kila neno la pole litapimwa. Nilianza kuiandika mara kadhaa, na kila mara ile pole ilinuka furaha, nikaichana. Jumamosi moja nilijikuta katika duka la Mhindi, mbele ya makoti mazito ya sufu. Mwenye duka akaja na futi yake shingoni.

"Unasafiri, mwalimu?"

"Naangalia tu."

"Kuangalia bure," akasema, akaniacha na mkono wangu ndani ya mfuko wa koti la watu.

Wiki iliyofuata, nilipotoka darasani, nilimkuta mama wa mwenzangu amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu. Alikuwa ametoka Rungwe kwa basi kupitia Mbeya, peke yake, mtu ambaye sikuwahi kumwona akienda mbali kuliko soko la Tukuyu. Pembeni yake mkungu wa ndizi mbichi na kifurushi cha majani ya mgomba. Nikachuchumaa kumsalimu kama tulivyofundishwa.

"Ugonile, mwanangu," akasema. Umelala salama.

"Ndaga, mama," nikashukuru.

Mhehe akaleta kiti, mama hakukikalia. Akaleta chai, mama akaishika mikononi ili ipoe. Kisha akafungua kifurushi. Ndani palikuwa na kipande cha nyama ya paja, kikavu, cheusi kwa moshi.

"Hili ni fungu lako," akasema. "Wenzako walipokula nililitoa nikalitundika juu ya moto. Nikasema atakuja. Hukuja."

"Nilikuwa na mitihani, mama."

"Ilikwisha lini?"

Nikaitazama ile nyama.

"Daktari amemchoma sindano. Mchungaji ameomba. Bado anatetemeka, nami nimemfunika kwa kila kilichopo nyumbani. Watu wanauliza nani hakula. Nikasema mimi najua nani hakula, mwacheni nikamlete."

"Mama, sisi ni Wakristo."

"Mimi ni Mkristo kuliko wewe. Nilibatizwa hujazaliwa." Akanywa chai. "Sikuja kukuita mchawi. Nimekuja kukuita ule."

Mhehe alikuwa amesimama mlangoni, akaitazama nyama. "Na mimi nikila, mama, haitamsaidia?"

"Wewe kula kwa njaa yako," akamwambia. "Ndizi zile zako. Nyama ina mwenyewe."

Nilinyoosha mkono niichukue, nimalize. Akaifunga.

"Si hapa. Akuone ukila."

Usiku ule niliyafikiria yote. Nikikubali, nimekiri kwamba pumzi yangu ndiyo iliyomlaza. Nikikataa, nimekiri zaidi. Nikienda na akapona, watu watasema kweli nilikuwa mimi. Nikienda na asipone, nafasi ni yangu, na nitaipanda meli nikiwa na ladha ya nyama yake mdomoni. Hakuna njia niliyoipata ambayo ingeniacha safi. Asubuhi mwalimu mkuu akanipa ruhusa kabla sijamaliza kuomba.

Basi lilisimama Nyololo, mchana wa baridi, abiria wakashuka kunywa chai. Mama hakushuka, alibaki na kifurushi mapajani. Tulipofika Chimala akanunua mchele kidogo wa uji wa mgonjwa, akauchagua punje kwa punje kana kwamba hatuna haraka. Basi lilipoondoka ndipo akauliza, akiwa anatazama dirishani.

"Unaitaka sana nafasi ile?"

"Kila mtu angeitaka, mama."

"Sijauliza kila mtu."

Tulifika kwao kesho yake mchana. Wenzetu wa rika waliokuwa karibu walikuwa wamekwisha kuja: fundi seremala, karani wa mahakama ya jadi, wakulima wawili wa kahawa. Walinisalimu vizuri, vizuri kupita kiasi. Mwenzangu alikuwa ameketi kitandani amefunikwa blanketi juu ya blanketi, uso umeingia ndani. Nilipomwona nilishtuka, na nikaona aibu kwamba mshtuko ule ulinipa faraja: basi moyo wangu ulikuwa bado unajua kuumia.

Baba yake mdogo ndiye aliyesimamia upatanisho. Alileta kibuyu cha maji. Utaratibu ni rahisi. Mwenye jambo hulisema lote mbele ya watu na mbele ya mgonjwa, hapunguzi kitu. Kisha huchukua maji kinywani na kuyapuliza chini, na lile jambo huwa limetoka naye. Ndipo watu hula. Usipolisema lote maji ni maji tu.

Nikasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Chimala. Nikasema nasikitika kwa ugonjwa wa ndugu yangu, nasikitika kwamba kazi ilinizuia kuja kwenye karamu, namwombea afya njema na safari njema. Nikanyoosha mkono nichukue kibuyu.

Baba mdogo akakisogeza mbali. "Hayo ni maneno ya barua," akasema. "Sema ya tumboni."

Karani akakohoa. Mgonjwa alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane hakuwa anacheka.

"Naitaka nafasi yake," nikasema. "Niliitaka kabla hajaipata, na alipoipata nikaitaka zaidi. Nilikasirika alipopelekwa Mbeya. Nilikasirika kwamba ana jiwe. Nilikasirika kwamba alitembea na dira mchana akarudi kulala, na mimi nililowa umande miezi yote ile. Nilipoambiwa anaumwa niliuliza tangu lini, sikuuliza nini. Nimekwenda dukani kuangalia koti." Nikamgeukia mgonjwa. "Na bado naitaka. Sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa."

Mwenzangu akasema polepole, "Unataka nife?"

"Hapana. Nataka ushindwe kusafiri."

Seremala ndiye aliyeanza kucheka. Kisha karani, kisha wote, hata mama aliyekuwa jikoni, na mgonjwa mwenyewe akacheka hadi akashikwa na kikohozi, wakamshika mgongo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelipima lile jibu nikaona ndilo sahihi kabisa, wala sikujua lina kichekesho.

Alipopata pumzi akainua mkono. "Na mimi nina langu," akasema. "Nilikuambia tuweke majina mawili. Ukasema utafikiri. Mpaka leo unafikiri. Nilijua unaniona mwizi wa hesabu zako. Nilipochinja yule dume nilisema asipokuja, basi. Hukuja. Nikala na wenzangu nikiwa na hasira, na nyama ile sikuisikia utamu. Nilikusudia kuondoka bila kukuaga."

Sikuwa nimelitegemea hilo. Katika hesabu zangu zote, mwenye jambo nilikuwa mimi peke yangu. Baba mdogo akatupa kibuyu sote. Nikapuliza, akapuliza, maji yake kidogo yakanirukia viatu. Kisha mama akaleta nyama, ameichemsha kutoa moshi, pamoja na ndizi. Nilikula mbele ya mgonjwa mpaka nikamaliza. Ilikuwa ngumu kama mkanda. Naye akaomba uji, akanywa nusu kikombe.

Alipona. Daktari alisema sindano zimefanya kazi, mama alisema maji, mchungaji alisema Mungu. Mimi ni mtu wa sayansi, na ninachoweza kusema ni kwamba ulikuwa uchunguzi mbovu: tiba tatu kwa mgonjwa mmoja, na hakuna mgonjwa wa pili wa kulinganisha naye. Ninachokijua ni kilichonipata mimi. Nilidhani nikishapuliza wivu utakwisha. Haukwisha. Ulibaki pale pale, ila sasa ulikuwa na watu wanaoujua. Kila nilipokutana na karani aliniuliza habari za koti.

Mwanzoni mwa Septemba nilimsindikiza Mbeya kwenye basi la Itigi, ambako angepanda treni ya pwani. Alikuwa bado mwembamba, suti imemning'inia, kwa hiyo mimi ndiye niliyebeba mzigo wake. Mama yake alitufuata nyuma akimwelekeza namna ya kukaa mbali na madirisha. Kondakta alituona tumesimama pamoja, mimi nikiwa nimeshika mzigo na nimevaa tai, kwa kuwa nilikuwa nimevaa tai nisijue kwa nini.

"Anayekwenda Ulaya ndiye wewe?" akaniuliza.

Swali lenyewe lilikuwa la kawaida, na jibu lake ni neno moja. Lakini nililisikia likiingia, likakaa, na kwa kitambo kidogo nikawa mtu anayekwenda Ulaya. Mwenzangu aliona. Akaniachia nijibu.

"Ni huyu," nikasema, nikampa mzigo wake.

Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Zile hesabu zako za vimondo," akasema, "nipelekee. Nitawaonyesha huko."

"Nitafikiri," nikamwambia.

Safari hii alicheka, akapanda, akapata kiti upande wa pili ambako sikuweza kumwona. Basi likawashwa. Mama alikuwa amekwisha kugeuka, akijifuta macho kwa pembe ya khanga, akaniita twende. Nikamwambia atangulie, mimi nasimama kidogo. Basi liliteremka barabara, likapunguza mwendo penye kona, na mimi nikalitazama kwa makini, nikitumaini labda amesahau kitu.